Wimbo Usioimbwa Bure

Jumanne, 3 Machi

Tena kilimani juu ya Karuba, kwenye jiwe langu. Hapa tu ndipo koneksio inashika. Mvua imekata kipindi cha mtandaoni mara tatu. Profesa, aliye Ulaya, amesoma memuare yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, juu ya nyimbo za matanga za sisi Wahunde. Maneno ameyapenda. Sasa anataka sauti iliyorekodiwa. Bila sauti, sura ya tatu haipiti. Wenzangu wa darasa wana maktaba. Mimi nina Shangazi.

Jumatano, 4 Machi

Shangazi Zawadi amekataa. Ndiye peke yake anayejua wimbo wa wanawake mpaka mwisho. Wenzake wamefia ukimbizini. Maneno alinitajia yote jikoni, tukimenya viazi. Kuimba, hapana. "Ule wimbo hauimbwaka bure, mama. Ukiimba na hakuna mufu, unaita mufu." Nimekasirika. Mimi Mkristo, siamini hayo. Yeye naye yuko kwaya.

Jumanne, 10 Machi

Profesa anasema aimbe kidogo tu, iwe mfano. Nilikosa Kifaransa cha kueleza. Nikasingizia koneksio, nikazima. Shangazi anakohoa tangu Jumapili. Eti moshi.

Ijumaa, 13 Machi

Shangazi amekufa asubuhi. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 14 Machi

Matanga. Hakuna aliyeshika jembe kijijini; siku za matanga hatulimi. Wanawake tumekaa chini kuzunguka moto. Wote wakanitazama mimi, maana maneno ninayo. Simu mfukoni, betri imejaa. Nikaanza. Sehemu ya kwanza tunaijua sote tangu utoto. Ya pili nilikuwa na maneno, sauti yake sikuwa nayo. Nikanyamaza. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, tukamfuata. Aliyewaimbia wafu wa kijiji kizima tumemzika kwa nusu wimbo. Naona haya. Simu sikuitoa.

Jumanne, 24 Machi

Kilimani. Koneksio nzuri. Profesa amenipa pole, kisha akauliza kama nilirekodi matanga. Hapana. Basi tuondoe sura ya tatu, akasema. Nimemwomba ibaki: maneno yote, na pale sauti inapokosekana niandike kwamba hatuijui tena. Atafikiri.

Nimeshuka. Matanga yamekwisha, majembe yametoka. Nimepalilia viazi vya Shangazi mpaka jioni. Mara mbili ile sehemu ya kwanza ilinijia mdomoni, nikaimeza. Leo hakuna aliyekufa.