Sindano Iliyonitia Woga

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba goti lako limeacha ubishi. Sisi tunaendelea vizuri. Mke wangu anakusalimu sana, na anasema barua hii usiikunje ukaitia mfukoni kama zile nyingine. Uijibu.

Najua umesikia kwamba mimi, fundi wa lifti, siku hizi napanda ngazi, na najua umecheka. Ngoja nikueleze mwenyewe, maana waliokusimulia wametia chumvi.

Nilikuwa kwenye lile jengo la ofisi ninalolihudumia, ndani ya lifti na meneja, mtu ambaye nilizoea kusalimiana naye kwa nyusi tu. Kengele ikalia, ting, na papo hapo lifti ikashuka ghafla kama nusu mita kabla breki hazijaishika. Unanijua, kaka. Mambo hayo yamenipata mara nyingi, na kesho yake huyasimulia kwa kucheka. Safari hii nilimkumbatia meneja. Alipojaribu kujinasua, nikamwomba anivumilie kidogo.

Tangu hapo, chochote kikilia ting, mimi hoi. Jirani akipiga kengele ya baiskeli, nimeshashika ukuta. Mke wangu akaanza kukoroga chai kwa kijiko cha mbao.

Sikukubali kushindwa. Nilipanda ile lifti kutwa nzima, juu chini, mpaka moyo ukatulia na nikaanza kupiga mluzi. Nikarudi nyumbani nimepona. Asubuhi kengele ikalia, nikashika ukuta upya. Nikarudia, ikawa vilevile: jioni shujaa, asubuhi kifaranga.

Mke wangu ndiye aliyeniburuta hadi kwa daktari anayenichoma zile sindano nilizokuambia, binti mdogo kwa umri lakini mtulivu. Alinieleza kwamba ubongo ukishajifunza woga, woga huo haufutiki. Ubongo hujifunza somo la pili juu yake, kwamba sasa pako salama. Homoni za uzazi zinaonekana kusaidia kulihifadhi somo hilo la pili. Kwa wanawake, estrojeni, ile homoni ya kike, ikiwa chini, linaweza kuponyoka kwa urahisi zaidi. Na hata homoni ya kiume, sehemu yake mwili huigeuza kuwa ya kike, kwa hiyo mimi, ambaye sindano imenizimia mtambo mzima, nimepungukiwa zote mbili. Akasema utafiti bado unaendelea, watu hawafanani, na kwamba hawezi kuniapia. Nikamuuliza kama ujasiri wangu wote wa ujanani ulikuwa homoni tu. Akajibu, labda sehemu yake. Sikulipenda lile neno “sehemu”.

Akanishauri niache mambo ya kutwa nzima, nipande kidogo kidogo kila asubuhi. Sasa nafika ghorofa ya tatu. Meneja bado anasubiri lifti inayofuata.

Unakumbuka ile miaka mke wangu alipokoma hedhi, akawa akitokwa na majasho, anaamka kukagua jiko la gesi ambalo ameshalizima mwenyewe, na sisi wawili tunakaa barazani kumtania? Basi majasho hayo sasa ni yangu, na feni ni moja. Jioni ile tulipotoka kwa daktari nilimwambia kwamba naogopa, na wala sijui naogopa nini. Nilingoja anicheke, maana ilikuwa haki yake. Alisogeza feni ikae katikati yetu, akasema, “Karibu. Nilikuwa peke yangu huku.”

Sasa kaa kitako, kaka. Bila shaka umeshajiuliza sindano ya kuzima homoni za kiume ni ya nini, wakati mimi nilikuambia nachomwa ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Nina saratani ya tezi dume. Imeonekana mapema. Homoni hizo ndizo zinazoilisha, ndiyo maana zimezimwa, na matibabu ya mionzi nimeshaanza. Daktari ana matumaini, nami kwa sasa naazima ya kwake. Nilikuficha kwa kuhofia utanionea huruma, jambo ambalo hujawahi kulifanya, na nisingejua nikujibu nini.

Lakini daktari aliniuliza habari za baba. Nikamwambia tulivyozoea kusema, kwamba alisumbuliwa na mkojo mpaka akatutoka. Akaacha kuandika, akauliza kama nina kaka.

Mke wangu amekuchukulia miadi ya kupimwa Jumanne ijayo, maana ugonjwa huu hufuata damu. Wewe uliwahi kumfukuza mwizi kwa ndala, lakini hospitali unaipita kwa barabara ya nyuma. Homoni zako zote zipo, kaka, kwa hiyo kisingizio huna. Njoo. Na kama unaogopa, njoo hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nakwenda hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwabusu, hata yule mwenye ndevu.

Mdogo wako,
Kijiti