Bosi na Fimbo ya Mama

Nyumba ya Ghorofani,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo unaendeleaje, na zile mashine za kufulia za hospitali bado zinakuinamisha kutwa nzima? Sisi tu wazima. Wifi yako amepona mafua, akanigawia mimi.

Sasa habari za mbwa wako. Akikosea ni wako. Akitulia ni wangu. Tangu Mama ahamie kwetu baada ya kuvunjika nyonga, Bosi hakumpa nafasi. Akichungulia tu mlangoni, mbwa anakuja juu, meno nje, mpaka mama wa watu anarudi kujifungia. Ikawa chakula tunampelekea kitandani. Siku Bosi alipomrarua gauni, Mama alifunga mizigo yake, akaniambia, "Chagua, mwanangu. Mimi au huyo." Dada, nililia kama mtoto.

Nikampeleka Bosi kwa yule mwalimu wa mbwa wa barabara kuu, mwenye bango kubwa. Aliahidi kunirudishia mbwa mpole mwisho wa mwezi, ila nisije kumtazama kabla ya hapo. Nilishamkabidhi kamba. Ndipo nikakumbuka ulivyonisihi kwenye simu nisimwache mahali ninapokatazwa kuchungulia. Nikatega sikio. Mbwa kibao nyuma ya ukuta ule, na hakuna hata mmoja aliyebweka. Nikaomba kamba yangu. Aliniona mshamba, sikujali.

Wa pili ni mama mmoja anayefundishia kwenye uwanja wa shule, peupe, kila mpita njia anaona. Alitaka Mama naye aje. Kumshawishi ilikuwa kazi, na alinuna njia nzima. Mwalimu alimkalisha kitini, akamwomba ailaze chini fimbo yake ya kutembelea. Bosi akatulia. Mama alipoiinua tena, Bosi akaja juu. Kumbe hakuwa na ugomvi na Mama hata kidogo, alikuwa anaiogopa fimbo! Nikakumbuka ulivyomtoa kwa wale walinzi wa ghala, mgongo umejaa makovu. Makovu hayo nayapapasa kila siku na sikuwahi kujiuliza.

Tulipewa kazi ya nyumbani: fimbo ilazwe sakafuni, na Mama mwenyewe adondoshe vipande vya nyama kando yake. Mwanzoni alivitupa kutoka mbali kama anatupa takataka. Siku hizi anamsemesha, tena anamsengenya wifi yako kwake.

Asante sana, dada yangu. Uko mbali lakini umetuokolea nyumba. Ningeiacha ile kamba, sijui ningerudishiwa mbwa gani, na Mama angeshaondoka.

Msalimie shemeji, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akulinde kazini na aupumzishe mgongo huo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sasa hivi fimbo imemponyoka Mama jikoni. Kabla sijainuka mezani, Bosi ameiokota kwa mdomo na kumpelekea. Mama ameipokea, kisha akaniita. "Umemaliza kumwandikia dada yako? Mwambie akirudi asije akadhani atamchukua huyu."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kitindamimba