Shule Siyo Stendi

Jumatatu, 25 Septemba 2023

Mkono wangu una mkosi! Leo klabu ya midahalo tumeokota upande. Vikaratasi viwili tu ndani ya kofia ya Madam Diana, mlezi wa klabu. Magige, mwenzangu wa timu, akajifanya muungwana — wasichana kwanza — nami nikachovya mkono bila hata bismillah. Hoja ni hii: mwanafunzi aliyejifungua arudi shule na asome na wenzake. Nikafungua karatasi. KUPINGA.

Kupinga! Mimi! Mama Raya mzima, kidato cha tatu, na nyumbani kuna mtu wa miaka miwili anayetafuna kalamu zangu!

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Madam Diana akaniuliza pembeni kama nataka kubadilishana na mtu. Nikakataa. Ukiokota umeokota. Sitaki mtu aseme Shamsia anaonewa huruma.

Nusu fainali Bunda. Fainali Butiama tarehe kumi na nne, siku ya kumkumbuka Mwalimu. Na ni kwa Kiswahili, alhamdulillah. Ingekuwa Kiingereza ningeumwa tumbo.

Jumatano, 27 Septemba 2023

Maandalizi. Madam Diana katupa historia yote. Zamani kanuni zilikuwa wazi: ukipata mimba, kwaheri shule. Halafu mwaka 2021 ukatoka waraka, wenye watoto warudi. Mimi nimerudi kwa waraka huo, mpaka leo naupenda kama mchumba.

Sasa hao tutakaoshindana nao wana waraka. Wana Katiba, inayosema kila mtu ana haki ya kujielimisha. Magige akakuna kichwa. Akauliza, na sisi tuna nini?

Nikamwambia: sisi tuna baba yangu.

Baba ni Muzamil, fundi cherehani wa hapa Nyakato. Sare nyingi za Musoma hii zimepita mikononi mwake. Nilipopata mimba alinihutubia kila jioni, na hotuba zote bado ninazo kichwani. Mtoto atalelewa na nani, hedimasta? Utakaa na wadogo zako uwafundishe nini? Na ile kubwa kuliko zote, siku Mama alipomwambia waraka umetoka: "Shule siyo stendi, ushuke na kupanda unavyotaka!"

Magige aliandika huku anafuta machozi ya kucheka. Eti baba yako alipaswa kuwa mbunge.

Njiani kurudi nyumbani nilicheka mpaka Mwisenge. Kuanzia pale kicheko kikakata chenyewe. Maana Baba hajawahi kuyafuta maneno yale. Alinishonea sare mpya, akaiweka juu ya kitanda changu, akaondoka kimya. Basi. Sijui kama alibadilika au alichoka tu kubishana na Mama. Sijawahi kumuuliza. Naogopa jibu.

Ijumaa, 29 Septemba 2023

Baba katoka msikitini, kakaa kwenye cherehani, kauliza habari za mdahalo. Tumepewa upande gani?

"Kupinga, Baba."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wamekupa wewe?"

"Nimeokota mwenyewe."

"Na hoja unazo?"

"Ninazo nyingi."

"Umezitoa wapi?"

Mama akakohoa huko jikoni. Nikajibu, kwa wazee. Baba hakuuliza tena, akarudi kwenye kazi yake. Baadaye tukagundua kashona mfuko wa shati la mteja kwa ndani! Fundi wa miaka yote ile!

Mama alinifuata uani. Ile ya stendi usije ukaisema mbele ya baba yako. Nikamtoa wasiwasi: Butiama Baba ataendea nini?

Jumamosi, 7 Oktoba 2023

TUMESHINDA BUNDA!

Mpinzani wangu alikuwa Burito, kaka mmoja ana tai ndefu mpaka magotini. Anatutetea sisi wazazi kwa uchungu, karibu alie. Akasema mtoto akilala, mama anasoma. Akilala! Raya halalagi! Nikamgeukia, mheshimiwa, mimi nina mtoto, wewe umewahi kulea hata kifaranga? Ukumbi ukalipuka. Yule kaka akarekebisha tai, na hoja zikamtoka zote kichwani. Masikini. Na moyoni nilikuwa upande wake.

Kilichoniharibia siku ni mama mmoja mlangoni. Kanishika mikono miwili: ahsante mwanangu, hata wewe mwenye mtoto umeona, hawa wakae nyumbani. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, nikakimbia.

Sato wa kukaanga nilinunuliwa. Sikummaliza. Magige alimmaliza.

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Raya ana mafua. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya beseni la nguo. Beseni limekubali hoja zote.

Alhamisi, 12 Oktoba 2023

Balaa! Baba anakuja Butiama! Kawaambia wateja Jumamosi hafungui. Atakaa mbele, atambeba Raya, ili mtoto amwone mama yake. Kasema hivyo huku anapiga pasi kanzu, kama jambo la kawaida.

Nikamkimbilia Madam Diana. Niiondoe ile ya stendi? Akasema ndiyo hoja yetu kali kuliko zote, ila mdomo ni wako, uamuzi ni wako. Magige yeye alipiga magoti kabisa kwenye vumbi. Shamsia, nakuomba, usituangushe!

Nikiiondoa, tunapigwa. Nikiisema, Baba atanyanyua kichwa na mimi nitaona usoni kwake kama bado anaiamini. Hicho ndicho ninachokiogopa, wala siyo majaji.

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Butiama. Naandikia hapa hapa ukumbini, kwenye goti.

Niandike haraka. Tulipofika Kiabakari Raya akatapika kwenye viatu vya Magige. Vipya! Baba kavaa kanzu ile ya pasi, kakaa mstari wa mbele na mjukuu wake. Upande wa kuunga mkono akaanza Clementi, mwenyeji. Akasoma ibara ya Katiba taratibu, vizuri mno. Nikajikuta nimenyanyua mikono nipige makofi. Magige akanikanyaga.

Zamu yangu. Hedimasta na mtoto, nikasema. Wadogo zako, nikasema. Nikamwangalia Baba, anatabasamu tu, anamfuta Raya kamasi. Nikavuta pumzi.

"Ndugu Mwenyekiti, shule siyo stendi, mtu ashuke na kupanda anavyotaka!"

Jamani! Makofi, vigelegele, watu wanapiga madawati! Majaji wenyewe wanacheka. Hapo tulikuwa tumeshinda, nakuapia.

Baba hakucheka. Akasimama, Raya begani, mkono mmoja juu.

"Taarifa, Mwenyekiti!"

Sauti ya bungeni kabisa! Sijui kajifunzia wapi, labda redioni. Mwenyekiti wetu ni Yakobo, kijana wa kidato cha nne, akababaika: mzee, shikamoo, wageni hawaruhusiwi kuchangia. Baba akaitikia marahaba, na hakukaa.

"Maneno hayo hakuyatunga yeye. Ni yangu. Nilimwambia mimi. Naomba nafasi niyajibu."

Basi ndiyo hapa tulipo. Nimeambiwa nikae nisubiri. Majaji wameinamiana, mmoja anapekua kanuni, mwingine anatikisa kichwa. Madam Diana kajifunika uso na kitenge, sijui analia au anacheka. Magige ananinong'oneza: akiruhusiwa tumekwisha, Shamsia, tumekwisha!

Kweli tumekwisha. Hoja ile hakuna anayeijua kama aliyeitunga. Ataifumua yote, mshono kwa mshono, na kombe litabaki Butiama.

Ya Rabi, aruhusiwe. Magige asije akasoma hapa.

Baba bado kasimama. Raya ameniona, ananipungia. Yakobo anagonga meza, anasema majaji wame—