Jiwe la Kiti cha Mbele

Jumapili, 10 Julai 2011 — Gitega

Ko. Halafu: ko-ko.

Nimerudi mtaani kwetu Nyamugari tangu mchana. Nimeoga, nimekunywa chai kwa mama Fatuma mwenye nyumba, na mlio ule bado umo kichwani. Niliusikia jana kule Muyinga, kwenye ziwa Rweru, nyuma ya mafunjo. Mti juu ya mti. Mara moja, kimya kidogo, mara mbili. Aliyegonga sikumwona.

Ni mlio wa mama yangu! Kule Kasulu, Tanzania, nilikokulia, kila alipokwenda kuchota maji, aligonga ndoo hivyo hivyo kwa kifundo cha kidole kabla ya kuinama. Kisimani, bombani, hata kwenye pipa la mvua pale nyumbani. Tulimcheka. Kaka yangu Elias alimwiga mbele ya wageni. Mama hakucheka wala hakukasirika. Aligonga, akachota.

Lakini mama si mtu wa ziwani. Ni wa Bukirasazi, milimani, mbali na ziwa, kama marehemu baba. Ndivyo alivyotuambia siku zote.

Watalii wangu jana walikuwa wanne, wawili wawili kwenye kayaki zao, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki. Mimi niliongoza kwenye yangu, nimekaa kiti cha nyuma, mbele yangu jiwe. Kayaki ya watu wawili ukiipiga kasia peke yako, pua inainuka na upepo unaizungusha unavyotaka. Kwa hiyo bosi Fredi alinionyesha: kama hakuna mtu mbele, weka jiwe. Twaha, dereva wetu, analiita mume wangu. "Dada, mzee leo amevaa jile?" Jile ndiyo fulana ya kuelea. Wageni wanauliza anachekea nini. Natafsiri uongo.

Alhamisi, 14 Julai — Muyinga

Niandike tu.

Leo wageni watatu, kwa hiyo mmoja alikaa kwangu. Mwalimu mstaafu, mama mpole, ananukia sabuni. Jiwe lilibaki ufukweni. Niliufurahia mgongo wa mtu mbele yangu — aibu kuandika hivyo, lakini ni kweli. Alipogeuka kuniuliza jina la ndege, nilijibu kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Pale kwenye mlango wa mafunjo, ambapo maji yanakuwa kama kichochoro, niliwaambia wote wanyamaze. Makasia polepole. Ndege wasiruke. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye kozi ya utalii Bujumbura. Tukaingia kimya kabisa. Maji yakavimba mbele yetu. Yakapanda! Mgongo mweusi, kisha kile kichwa, na mkoromo ulionipita tumboni. Nilipiga kelele turudi nyuma. Hapo hapo ufukweni mtu akaanza kupiga mtumbwi kwa kasia, kwa nguvu, bila kuacha. Kiboko akazama, akapita pembeni yetu. Tuliona tu mstari wa mapovu.

Hakuna aliyeumia. Mwalimu alinishika mkono hadi tukafika nchi kavu.

Aliyekuwa akipiga ni Amisa, mzaliwa wa ufukwe ule, anayenunua samaki pale na kuwauza Muyinga mjini. Alinisubiri mikono kiunoni.

"We mukobwa, we msichana! Unaingiaka kimya kwenye nyumba ya watu? Iko wenyewe humu! Unagonga kwanza, unangoja, yeye anatoka, we unapita. Bon! Huko Tanzania hata hodi hamjuaka?"

Wavuvi wakacheka. Akagonga ubavu wa mtumbwi kunionyesha. Ko. Ko-ko.

Nikamuuliza kama watu wote wa maziwa hugonga hivyo. Hapana, akasema, ng'ambo wanapiga mluzi, wa kule juu wanaimba. Hii ni ya ufukwe huu tu. Mama yake aligonga hivi, na bibi yake.

Nikasema mama yangu pia hugonga hivi, naye ni wa Bukirasazi.

"Bukirasazi?" Alicheka mpaka akashika goti. "Mtu wa Bukirasazi atagongea nani? Maharagwe?" Kisha akaacha kucheka. Akanitazama usoni, paji la uso, masikio. "Uri umwana wa nde?"

Mtoto wa nani. Nilisema wa Klara, jina la mama. Hakumjua Klara yeyote.

Jumapili, 17 Julai — Gitega

Nimempigia mama. Aliuliza kama huku kuna baridi, kama nakula, kama baba mdogo kule Bukirasazi ananitazama. Nikasema ndiyo. Kwa kweli baba mdogo hunipa kiti kizuri na maswali machache, kama mgeni aliyekuja na gari. Tangu nirudi nchini, miaka miwili sasa, hajawahi kunituma hata kununua chumvi, kama anavyotumwa mtoto wa nyumbani.

Halafu nikasema: mama, kuna watu ziwani Rweru wanagonga kama wewe.

Kwenye simu nilisikia kuku wake.

"Nani kakwambia uende huko?"

Akakata.

Jumanne, 19 Julai

Hapokei. Elias anasema mama yuko shambani. Siku nzima?

Jumamosi, 23 Julai — Muyinga

Mama amepiga mwenyewe. Nilikuwa nakausha majile uani kwenye nyumba ya wageni. Nikaketi chini pale pale. Alisema nisimkatize.

Yeye ni wa Giteranyi. Wa ufukwe ule ule. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, alfajiri, walivuka ziwa kukimbia, mitumbwi miwili. Baba yake akakataza kugonga — wauaji walikuwa wanapita juu ya kilima, wangesikia. Wakaingia kwenye mafunjo kimya. Mtumbwi wa mbele ukapinduliwa na kiboko. Christina, mdogo wake, aliyekuwa akilala naye mkeka mmoja, alikuwa humo.

Hata kuita jina hawakuweza. Walinyamaza, wakapita.

Walipofika Tanzania, kwa miguu kupitia ng'ambo ya ziwa, hakutaka tena kutamka Giteranyi. Akaolewa na baba, akachukua milima ya baba ikawa yake.

"Tangu hapo nagonga kila maji," alisema. "Najua nimechelewa. Nagonga tu."

Na nilivyomcheka. Na nilivyopita pale pale, kimya, na mwalimu wa watu mbele yangu.

Mwishoni nikasema: njoo, mama.

"Nije kufanya nini? Kutazama maji?"

Ukae mbele yangu kwenye kayaki. Tugonge wote.

"Mimi mzito."

Nikasema jiwe ni zito zaidi. Ikabidi nimweleze habari za jiwe, na mzee, na Twaha. Akacheka! Kidogo, puani. Kisha akasema ataona.

Ataona. Kwa mama, hiyo ni hapana iliyovaa vizuri. Au siyo?

Jumatatu, 1 Agosti — Gitega

Ramadhani imeanza. Nyumba imetulia, hata redio. Jioni mama Fatuma aliniita nifuturu nao, nikala tende na uji, nikacheka walipocheka. Kisha kila mmoja akaenda kwa watu wake.

Mama ameniambia: Ijumaa atapanda basi mpaka Ngara, Jumamosi avuke mpakani Kobero. "Mungu akipenda, na moyo usiponigeuka." Hataki nimwahidi mtu yeyote. Hata Amisa nisimwambie.

Jumamosi, 6 Agosti — Kobero

Nimekaa kwenye kibanda cha chai, upande wetu wa mpaka. Malori, vumbi, wabadilisha fedha. Mama hapatikani kwenye simu. Elias anasema alimpandisha basi kwa mkono wake, kavaa kitenge cha bluu. Lakini baada ya hapo? Mtu anaweza kushuka Kibondo na kurudi.

Gari la kwanza kutoka Ngara limeshusha watu. Nilisimama kwa kila kitenge cha bluu.

Gari la pili pia. Hayumo.

Niandike ya jana. Wageni walipoondoka, nilipandisha jiwe mbele kama kawaida na kuingia majini peke yangu. Twaha, midomo mikavu ya saumu, hakutania sana. "Dada, wapi tena?" Amisa alisimama na beseni lake. Kwenye mlango wa mafunjo niligonga. Nikangoja mpaka maji yakatulia kabisa. Kisha nikanyoosha mwili wote, nikalisukuma jiwe majini, na kayaki ikakaribia kunimwaga. Halikutoa mlio mkubwa. Nilidhani litatoa.

Kurudi kulikuwa kazi! Pua juu, upepo ukinizungusha kama jani. Nilifika nimelowa mpaka kichwani. Wavuvi walicheka. Amisa hakucheka, alinivuta kwa kamba.

"Dada, Jumatatu iko wageni wanne," Twaha akaniambia. "Mbele utaweka nini?"

Ufukweni kuna mawe mengi, najua. Sikuokota lingine: kiti kile ni cha mama.

Gari la tatu linapanda kilima. Nimelipa chai.