Maneno ya Nyuma ya Kitabu cha Neema

Mama Akinyi,

Nimechoka, na sitaanza kwa kukudanganya kwamba huku sote hatujambo. Nimetoka zamu asubuhi hii, miguu imevimba, nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu hapa Stafford, kando ya Houston, kwa sababu kupanda zile ngazi ni kazi nyingine. Nikaona nikuandikie. Wewe ndiye uliyenitwika mzigo huu, basi usikie jinsi ulivyobebwa.

Kitabu cha tatu cha Neema, yule msichana uliyemtunga, kiko tayari. Ulikimaliza mwenyewe, ukabakisha yale maneno ya nyuma ya jalada tu, yale ya kumnasa kijana akiokota kitabu mezani. Siku zote uliyaandika mwisho. Ukaniambia pale kitandani, "Nafula, hayo utaniandikia wewe." Nikakubali, maana mgonjwa hakataliwi. Lakini mimi nauguza wazee, Mama Akinyi. Ninachoandika ni nani amekula na nani amekataa dawa.

Mara ya kwanza nilidhani nimeweza. Nikamtumia Da Rehema, mhariri wako wa Dallas, nikajipongeza kwa chai. "Neema ni kifungua mimba wa mama yake. Alitoka Burundi akiwa mdogo, akalelewa Fort Worth katika imani ya Kikatoliki. Ni mwimbaji hodari wa kwaya, tena mpendwa wa wote waliomfahamu." Da Rehema alinipigia simu, akanisalimu kwa kirefu kama Watanzania wanavyojua, kisha akasema taratibu, "Dada yangu, hii ni tanzia. Huyu msichana hajafa."

Nilicheka, halafu nikalia juu ya sinki. Unatujua Wakenya wa Houston: mtu akituacha, wasifu wa kusomwa kanisani aandike Nafula, ati Kiswahili changu kimenyooka. Wako pia niliuandika mimi. Mkono umezoea huko.

Nikaanza upya, mara nyingi, na kila mara nilimpeleka Neema kwaya, shuleni, kwa marafiki, popote isipokuwa hospitali. Na kitabu chenyewe kiini chake ni hospitali, wewe wajua. Lakini Akinyi yuko kwangu siku hizi baba yake akiwa safarini na lori, na kanuni yako naikumbuka: maneno ya nyuma ni lazima yapite kwake. Ulikuwa ukimsomea kwenye gari mkienda Sugar Land. Akirudisha muziki masikioni, ulifuta. Akiuliza "Then what?", yaani kisha ikawaje, kazi imekwisha, na jibu lako lilikuwa moja tu: "Nenda kasome."

Tangu tukusindikize uwanja wa ndege urudi nyumbani kuzikwa, mtoto hajauliza lolote. Haulizi tunakula nini, haulizi baba anarudi lini. Vile vitabu vyako viwili vya kwanza amevisukuma chini ya kitanda. Niliogopa, nakuambia wazi. Niliogopa kumtajia daktari na mama kwa pumzi moja, afunge hata kile kidirisha kidogo kilichobaki.

Wiki iliyopita Da Rehema akasema hawezi kungoja tena. Nisipoleta kitu, nyuma ya kitabu wataandika tu kwamba mwandishi ni marehemu. Hapo nikachemka. Wewe na vichekesho vyako vyote, uuzwe kwa kufa?

Jumapili tukitoka kanisani, Akinyi akiwa kando yangu amejiziba masikio kwa muziki, nikasema kwa sauti maneno mapya huku naendesha:

"Tangu wafike Fort Worth, Neema ndiye mdomo wa mama yake: benki, shuleni, kwa mwenye nyumba. Leo daktari amesema jambo zito kwa Kiingereza, na mama amemgeukia binti yake, anasubiri. Neema anafungua kinywa. Anasema kitu kingine."

Tukapita taa, tukapita taa nyingine. Nikajua nimeharibu. Kisha akatoa muziki sikio moja.

"Anti, what did she tell her?"

Ameuliza, Mama Akinyi: Neema alimwambia mama yake nini. Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyetoka kuamka. Nilitaka kusimamisha gari nimkumbatie, nimweleze yote hadi mwisho. Nikakaza usukani. "Nenda kasome," nikamwambia.

Ameenda kusoma. Da Rehema ameyachukua maneno yalivyo, na hakuna "marehemu" popote kwenye jalada, nilikataa katakata. Mtoto anasoma polepole mno, kurasa chache kwa siku, nami najua kwa nini. Kikiisha hiki hakuna kingine chako. Jana alinifuata jikoni akaniuliza swali la pili: sauti uliyokuwa ukimpa mama yake Neema ilikuwaje? Nikajaribu kuiigiza, akasema sivyo, akaifanya mwenyewe, mwiko mkononi. Ulikuwa wewe kabisa. Ilibidi nigeukie jiko.

Pumzika, rafiki yangu, sehemu yako uliimaliza. Akiuliza nitamjibu, hata nikiwa nimechoka hivi. Na siku ya ukurasa wa mwisho hatakuwa peke yake. Nimeshamwambia msimamizi wangu: sijui itakuwa siku gani, lakini siku hiyo mimi siji kazini.

Wako,
Nafula