Getruda Alisema Zimeliwa

Jumanne, 2 Septemba 2025
Kompyuta imeharibika. Nilipeleka flashi stationery kuprinti mtihani wa wanafunzi wangu wa darasa la tano, nikaichomeka tena kwenye laptop yangu — basi. Folda zote zimegeuka alama za vimishale. Nikibofya, hakuna kitu. Na nyimbo za mama zimo humo. Nimezitunga tangu tulipomzika, kwa maneno yake mwenyewe, nikajirekodi naimba. Simu ilijaa, ndiyo maana nikazihamishia kwenye laptop. Sina kwingine.

Nimempigia Getruda. Anatengeneza kompyuta mjini, na tumekaa benchi moja la kwaya tangu kipaimara. Kasema nisiguse chochote, kesho anakuja.

Alhamisi, 4 Septemba
Alikuja jana. Akaweka antivirus ya bure, ile ya kupakua mtandaoni. Ikasaka, ikasaka. Nikaenda kusonga ugali. Niliporudi amekaa, kakunja mikono.

“Pole, Rebeka. Kirusi nimekitoa, ila faili kimeshazila. Hizi za bure zinaua mdudu tu, haziokoi alichokula.”

Nililia. Na yeye akalia. Akanishika kichwa kama mtoto. Chakula kikapoa. Namshukuru Mungu kwa rafiki.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimejaribu kuukumbuka wimbo ule wa asubuhi. Ubeti wa pili umenitoka kabisa.

Jumapili, 14 Septemba. Sengerema, kwa baba
Mwalimu Revocatus, anayetufundisha kwaya, katuma wimbo mpya kwenye grupu. Tutauimba jubilei ya parokia. “Mtunzi ni dada yetu Getruda.” Nikafurahi — kweli nilifurahi. Nikabonyeza.

Asubuhi haina mwenyewe, amka uichukue.

Sauti ya Getruda. Wimbo wangu. Na ubeti wa pili ulionitoka, wote, mpaka pale nilipokosea nikataja jembe mara mbili. Kaimba na kosa langu.

Baba alikuwa anamenya mihogo. Akaweka kisu chini.

“Hayo si maneno ya mama yako? Nani huyo?”

Nikamwambia ni rafiki yangu.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimetoka shule nikamfuata kazini kwake. Kwanza kasema eti nilimfundisha zamani. Nikamtajia lile kosa la jembe. Akashusha sauti.

“Hazikuliwa. Kirusi kile kinaficha tu faili. Nilizifichua ukiwa jikoni, nikazihamishia kwangu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Wewe kila mwaka wimbo wako, soloo yako. Mimi pale ni nani? Nilitaka mara moja tu, Rebeka.”

Nikamwambia anirudishie. Kasema atanipa baada ya jubilei. Baada ya jubilei! Mama yangu, nimsubiri mpaka mwingine amalize kumtumia.

Nikamuuliza, na yale machozi? Akageukia mteja.

Jumatano, 17 Septemba
Kanisalimia kwenye grupu kama kawaida. Kaweka na ua.

Jumamosi, 20 Septemba
Naandika nje ya kanisa, katikati ya mazoezi. Nilikuja nimejiandaa kusema mbele ya wote. Nikakaa benchi letu peke yangu. Yeye kasimama mbele na Mwalimu, kavaa kitenge kipya.

Tumeimba sauti ya kwanza, tukaimba ya pili, vizuri tu. Kisha Mwalimu akauliza, “Getruda, sauti ya tatu inaingiaje hapa?”

Hakujua. Hiyo sikuwahi kuirekodi, iko kichwani mwangu. Akajaribu, ikagongana na nyingine. Akajaribu tena. Wanaume wakaanza kutazamana. Jasho likamtoka — na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kidogo. Halafu nikausikia wimbo wenyewe unavyoharibika, ikaniuma.

Akanitazama. Mwalimu naye akageuka. “Rebeka, nyie ni marafiki, hebu msaidie mwenzio.”

Nikaomba maji, nikatoka.

Kinanda kimeanza tena. Wanakosea palepale. Nikinyamaza, Getruda ataaibika, lakini ni mama atakayeimbwa vibaya mbele ya parokia nzima. Nikisaidia, nimempa na kilichobaki.

Getruda katoka mlangoni, ananitafuta. Ameniona. Anakuja huku.

Nitamwambia inaanzia juu, sauti ya tatu. Inashuka taratibu, kama mama alivyokuwa akituamsha —