Saa Mpya Anaiita Bubu

Shangazi mshauri,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, leo nimesema potelea mbali, naiandika hapa hapa kwenye meza ya kupigia pasi huku mashati ya watu yananisubiri, maana nisiposema nitapasuka. Mimi ni dobi, nafulia na kunyoosha nguo nyumbani, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, na mume wangu ni fundi wa mashine ya kusaga nafaka, kazi anayoifanya tangu kabla hajanioa, kila jioni anarudi na nyusi nyeupe kama babu wa watu, na mimi nilimpenda hivyo hivyo na unga wake.

Ni mtu mwema, sitamsingizia, halewi, hagombi, hana makuu. Lakini tangu mwaka jana kabadilika. Nikimwita nikiwa nyuma yake haitiki, nikirudia haitiki, nikienda kusimama mbele yake ndipo anatabasamu na kuniambia "Naam, Kinanda wangu," kana kwamba ndiyo kwanza nimeita. Kinanda ni jina alilonipa yeye, kwa sababu mimi nikipiga pasi naimba, na zamani nikianza tu kuimba alikuwa anazima redio anisikilize. Siku hizi redio anaifungulia mpaka majirani wanapata taarifa ya habari kwa hisani yetu, na mimi naimba humo humo, wala hageuki. Nilimwambia mdogo wangu anakuja kukaa nasi kwa muda, akajibu "ndiyo, ndiyo, vizuri," na mdogo wangu alipofika na sanduku lake akamkodolea macho kama kaona mtu wa kodi. Na kubwa kuliko yote, miaka yote yeye analala upande wa ukutani, siku moja bila maelezo akahamia upande wa mlango. Shangazi, mwanamume anayehamia upande wa mlango si anajiandaa kuondoka?

Basi jirani yangu anayeuza vitambaa akaninong'oneza kwamba kila mchana mume wangu anaonekana akikata kona kuelekea nyuma ya soko, na anatembea kama mtu mwenye miadi. Nikasema lisemwalo lipo. Nikachomoa pasi, nikajifunika mtandio, nikamfuata. Shangazi, mwanamke sikumkuta. Nilikuta kibanda cha fundi saa, mume wangu kakaa kwenye kigoda, kashika saa ya mkononi ya zamani, anaiweka kwenye sikio la kushoto, anakunja uso, anaihamishia la kulia, anatabasamu peke yake. Niliona raha na aibu kwa pamoja, halafu hasira ikaja ikazishinda zote mbili.

Alipoondoka nikamwendea yule fundi. Akaniambia, "Mama, mzee wako na hii saa ni marafiki. Anakuja, anaitia ufunguo, anaisikiliza, anarudi kazini. Siku nyingine ananiuliza, 'Imesimama?' Namwambia mbona inatembea. Anasema haya, anaihamisha sikio, anaondoka." Nikaomba niione hiyo saa yenyewe. Kioo kina mikwaruzo hujui ni saa nne au saa tano, rangi ya dhahabu imebabuka, namba sita imefutika kabisa, na mkanda umeliwa na jasho la mtu nisiyemjua.

Juzi kaniomba tuinunue, kwa akiba tuliyoiweka ya pasi mpya. Mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu chake mwenyewe. Nikamwambia kwa upole, baba, kama ni saa, si tununue mpya, ya betri, inang'aa, na dhamana wanakupa. Akasema, "Hiyo ni bubu." Nikamuuliza ni saa gani iliyowahi kuzungumza, akanitazama, akatoka nje. Tangu siku hiyo nyumba imenuna. Sasa nimkubalie tununue uchakavu kwa pesa ya pasi, au nikaze? Nampenda sana, Shangazi, lakini naona ana muda wa kuisikiliza saa kuukuu na mimi hana muda wa kunisikiliza. Dada yangu anasema niende kwake nikapumzike, na begi nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.

Kinanda

* * *

Kinanda,

Marahaba, na hilo begi lirudishe juu ya kabati kabla hujaendelea kusoma.

Wewe umeniandikia habari za saa, mimi nimesoma habari za sikio. Mumeo hasikii vizuri, mama. Umeyaandika yote kwa mkono wako mwenyewe na hukuyaona. Ukimwita kwa nyuma haitiki, ukisimama mbele anaitika, kwa sababu anakusoma midomo. Redio inapiga kelele kwa sababu kwake inanong'ona. La mdogo wako alisema ndiyo kwa kuwa hakusikia ulichosema na aliona haya kukuuliza tena. Na miaka yote hiyo kakaa pembeni ya mashine inayonguruma kuanzia asubuhi, ulifikiri masikio yake ni ya chuma?

Pale kwa fundi haendi kucheza. Anakwenda kujipima. Saa ile inagonga, akiiweka kulia anaisikia, akiiweka kushoto anauliza kama imesimama, na kila mchana anarudi kuhakikisha kilichobaki bado kipo. Ndiyo maana hiyo mpya ya betri aliiita bubu. Alikuwa anakwambia siri yake kwa njia pekee aliyoiweza, nawe ukamjibu kwa mzaha. Sikulaumu sana, usilolijua ni kama usiku wa giza, na yeye naye ana makosa yake ya kujifanya jabali. Lakini ulimfuata mpaka kibandani ukidhani utafumania, ukamwona mtu mwenye hofu, ukarudi nyumbani na hasira. Hapo nakugombeza.

Sasa sikiliza. La kwanza ni daktari wa masikio, kabla ya saa na kabla ya pasi. Mimi si daktari, huenda ni nta imeziba, huenda ni kelele za mashine, huenda ni jingine. Nenda naye, usimtume. Na usimwingilie kwa "kumbe wewe kiziwi," wala usimpigie kelele kama unaita mtu ng'ambo ya mto. Kaa mbele yake, umshike mkono, umwambie, "Nimejua, na sijakasirika." Kazini avae vya kuziba masikio, hata wenzake wakimcheka. Na yule jirani yako wa vitambaa mwambie asante, na aendelee kuuza vitambaa.

Kuhusu saa, nunua, ila usinunue kwa macho. Mikwaruzo ya kioo, rangi iliyobabuka, namba sita iliyokimbia, hayo yasikunyime usingizi, uchakavu wa nje unavaliwa tu. Unaogharimu ni wa ndani. Mwambie fundi aifungue mbele yenu, muangalie kama kuna kutu. Tia ufunguo mwenyewe, uone kama unashika au unateleza. Muulize kama vipuri bado vinapatikana, kisha aiache ikitembea mpaka kesho yake, mrudi mlinganishe na saa nyingine. Ikichelewa kidogo isamehe, saa ya umri huo haisahihishwi sana. Fundi akitaka kuing'arisha au kuibadilisha uso, mkatalie, mumeo keshaizoea sura hiyo. Mkanda tu ndio ubadilishe, jasho la mtu usiyemjua halina sababu ya kukaa kwenye mkono unaoupenda. Pasi ya zamani inapata moto? Basi itasubiri.

La kitanda nimeliacha mwisho makusudi, kwa sababu ndilo lililonitoa machozi hapa mezani. Umelala na huyo mtu miaka yote hiyo, hebu lala chali sasa hivi uhesabu mikono. Alipokuwa ukutani, ni sikio lake lipi lililokuwa upande wako? La kushoto, lile lililokufa. Alipohamia mlangoni, ni lipi? Mwanamume huyo hakuwa anaondoka, Kinanda. Alikuwa anakufuata kwa sikio lililobaki, na amelala hapo miezi yote hii akisubiri useme kitu, nawe umenuna ukitazama ukuta.

Leo geuka, umwimbie.